Matairi ya trela kubwa la safari: pima uzito kwanza, nunua tairi baadaye

Kila msimu wa joto ukikaribia, maswali ni yaleyale. Tairi la herufi D linatosha au ninunue E? Nijaze upepo kiasi gani? Mbona limepasuka na kashata zake bado mpya? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko Marekani au Kanada, mwenye trela la kulala la ekseli mbili au tatu, ambaye hujawahi kukaa chini ukahesabu matairi yako yanabeba nini.

Maswali yote matatu yanajibiwa na kitu kimoja: uzito ulio juu ya gurudumu linaloelemewa kuliko mengine. Uzito wa trela zima haukutoshi, wala wastani wake. Dereva wa lori akipita kwenye mizani ya Mariakani, Kenya, au Vigwaza, Tanzania, hupimwa atake asitake. Huku Amerika, trela la familia kwa kawaida hupita kando ya mizani ya serikali bila kuulizwa, kwa hiyo hakuna atakayekuambia umezidisha. Utaambiwa na tairi lenyewe, tena ukiwa barabarani.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Geji ya upepo inayosoma hadi PSI 100 au zaidi. Nyingi za magari madogo huishia 60, hazikufai.
- Kompresa yenye nguvu ya kupita PSI 80. Pampu ndogo zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari nyingi hupata moto kabla hazijafika huko.
- Spana ya kukazia nati yenye kipimo, inayofika futi-paundi 150.
- Jeki inayolimudu trela lako, na kabari za kuzuia magurudumu.
- Tochi, chaki, kalamu na daftari.
- Trela lenyewe, likiwa limepakiwa kama siku ya safari: maji, gesi, vyombo, nguo, chakula, baiskeli. Kupima trela tupu ni kupoteza muda wako.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha trela

Kibandiko cha serikali kiko nje, ubavuni, upande wa kushoto karibu na mbele. Andika mambo manne: GVWR, GAWR ya kila ekseli, saizi ya tairi na rimu, na PSI ya tairi likiwa baridi.

GVWR ni uzito wa juu kabisa wa trela zima pamoja na mzigo. GAWR ni uzito wa juu wa ekseli moja, na huu ndio unaotuhusu zaidi. GAWR hupangwa kwa kufuata kifaa dhaifu kuliko vyote kwenye ekseli ile: chuma chenyewe, springi, rimu au tairi. Ndiyo maana utakuta trela lenye ekseli za paundi 5,200 lakini kibandiko kimeandika 5,080. Hiyo 5,080 ni matairi mawili ya paundi 2,540. Aliyelitengeneza aliweka tairi linalotosha kwa sheria na hakubakisha hata paundi moja ya akiba.

Sheria ya Marekani inadai tu kwamba uwezo wa matairi ya ekseli usipungue GAWR. Chama cha watengenezaji, RVIA, kimedai akiba ya asilimia 10 tangu 2017. Kama trela lako ni la kabla ya hapo, huenda linatembea na matairi yaliyofika mwisho wa uwezo wake tangu siku lilipotoka kiwandani.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Piga magoti, washa tochi, soma. Tuchukue tairi linalopatikana sana, ST225/75R15. ST maana yake limetengenezwa kwa trela tu. Usilifunge kwenye gari. 225 ni upana kwa milimita, 75 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni radiali, 15 ni inchi za rimu.

Kisha tafuta herufi ya uwezo. C ni sawa na tairi la plai (tabaka za ndani) 6, D plai 8, E plai 10, F plai 12, G plai 14. Saizi ni ileile, uwezo ni mwingine kabisa:

- ST225/75R15 C: paundi 2,150 kwa PSI 50
- ST225/75R15 D: paundi 2,540 kwa PSI 65
- ST225/75R15 E: paundi 2,830 kwa PSI 80

Angalia vizuri hapo. Kinachobeba mzigo ni upepo. Plai zinaliwezesha tairi kuhimili upepo mwingi. Tairi la E ukilijaza PSI 65 linabeba kama D. Umelipa pesa ya E bure.

Usiamini uwezo uliousikia kwa mtu. ST235/80R16 E la kampuni moja limeandikwa paundi 3,520, la nyingine 3,420. Soma la kwako. Ukikuta namba mbili, moja ya tairi moja kila upande na nyingine ya matairi pacha yanayofungwa pamoja kama ya lori, yako ni ile ya tairi moja.

Tahadhari kwa wanaotaka kuhamia LT, yaani tairi la pikapu, kwa imani kwamba ni gumu zaidi: LT235/85R16 E hubeba paundi 3,042 kwa PSI 80, wakati ST235/85R16 E hubeba 3,640. Ukibadilisha bila kuhesabu, umejipunguzia karibu paundi 600 kwa kila gurudumu.

Mambo mawili yamebaki ubavuni. La kwanza ni mwendo. Tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo usilivushe maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105. Likiwa na L ni maili 75, M ni 81, N ni 87. La pili ni umri. Tafuta neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Usipoziona, ziko upande wa ndani, ingia chini ya trela. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama: jua, joto na uzito uleule sehemu ileile miezi minane. Likishafika miaka mitano panga kulibadilisha, hata kama kashata zake bado zinakuna kidole.

Hatua ya 3: Kagua rimu na valvu

Hapa ndipo wengi huruka, hasa wanaopanda kutoka D kwenda E. Rimu nayo ina kikomo cha uzito, na mara nyingi cha PSI, kilichogongwa kwa nyuma au ndani ya tundu la katikati. Rimu iliyoandikwa paundi 2,540 na PSI 65 haiwi ya 2,830 kwa sababu umevika tairi la E. Kama hakuna maandishi, muulize aliyeitengeneza kwa kutumia namba ya rimu. Usikisie.

Valvu za kawaida za mpira, aina ya TR413, mwisho wake ni PSI 65. Ukizijaza 80 zitaanza kuvuja shinani au kuchomoka safarini. Kwa chochote kinachozidi 65, mwambie fundi akufungie valvu za chuma zinazokazwa kwa nati. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachoweza kutokea.

Hatua ya 4: Nenda kwenye mizani

Mizani rahisi kupata ni CAT Scale, iliyoko kwenye vituo vingi vikubwa vya mafuta vya malori. Ina majukwaa matatu.

1. Jaza mafuta kwanza, familia yote iwemo garini, vyuma vya kusawazisha uzito kwenye kiungo vikiwa vimefungwa kama safarini.
2. Ingia taratibu. Magurudumu ya mbele ya gari yawe jukwaa la kwanza, ya nyuma jukwaa la pili, ya trela yote jukwaa la tatu. Hakikisha hakuna gurudumu lililokalia ufa kati ya majukwaa.
3. Bonyeza kitufe cha spika, sema ni upimaji wa kwanza na gari ni la binafsi. Au tumia programu yao ya simu na tiketi ikujie humohumo.
4. Andika namba ya jukwaa la tatu. Huo ndio uzito ulioko juu ya matairi ya trela.

Kama trela limeinua pua au limeinamisha, namba ya jumla itakudanganya: ekseli moja inaelemewa kuliko nyenzake. Springi za vyuma bapa zenye kiungo cha kugawana katikati hujisawazisha kiasi fulani. Ekseli zenye mpira ndani hazijisawazishi. Rekebisha kimo cha kiungo mpaka trela lilale sawa, kisha upime.

Hatua ya 5: Tafuta gurudumu linaloelemewa

Kugawanya uzito kwa nne ni kosa la kwanza kabisa kwenye orodha ya makosa. Trela halijui wastani. Upande wa chumba kinachosukumwa nje, jiko na friji huwa mzito, na mara nyingi betri na mabomba ya maji yako upande huohuo.

Njia bora ni kupima kila gurudumu peke yake. Shirika la RVSEF na mpango wa SmartWeigh wa Escapees, klabu ya wasafiri wa trela, hufanya kazi hiyo kwa mizani ndogo zinazowekwa chini ya kila tairi. Ukipata nafasi, usiiache. Usipoipata, chukua kwa tahadhari kwamba upande mmoja unabeba angalau asilimia 53 ya uzito wa ekseli, uendelee.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Tuseme jukwaa la tatu limesoma paundi 9,420, karibu kilo 4,270. Trela ni la ekseli mbili, matairi ST225/75R15 D.

Wastani: 9,420 ÷ 4 = 2,355. Tairi linabeba 2,540. Hapo mtu hufurahi na kuondoka.

Upande mzito: 9,420 × 0.53 = 4,993. Gawa kwa mbili: 2,496 kwa gurudumu. Imebaki akiba ya paundi 44. Tairi likipungua PSI mbili tatu tu, umeshazidisha, na hutasikia chochote ukiwa kwenye usukani.

Lenga akiba ya asilimia 15 ya uwezo wa tairi, kwenye gurudumu zito. Kanuni: uzito wa gurudumu zito ÷ 0.85 = uwezo unaohitajika. Kwetu sisi, 2,496 ÷ 0.85 = 2,936. Hata E, yenye 2,830, haijafika.

Kabla ya kukimbilia tairi kubwa zaidi ambalo pengine halitaingia chini ya boma la gurudumu, punguza. Galoni moja ya maji ina paundi 8.34. Tangi la galoni 50 lililo karibu na ekseli ni paundi 417. Safiri nalo tupu ujaze ukifika kambini: 9,420 − 417 = 9,003; upande mzito kwa gurudumu ni 2,386. Sasa E ina akiba ya 444, yaani kama asilimia 15.7. Hamisha na vyombo vizito upande wa pili, akiba inaongezeka bila kununua kitu.

Onyo: tairi lenye uwezo zaidi haliongezi GAWR wala GVWR. Kibandiko kinabaki palepale. Akiba uliyoinunua ni ya usalama, usiijaze mzigo.

Hatua ya 7: Badilisha kwa seti na ukaze kwa kipimo

Nunua matairi yote ya trela kwa pamoja, aina moja, herufi moja, pamoja na la akiba. Usichanganye radiali na yasiyo radiali. Muulize muuzaji tarehe ya DOT kabla hajafunga. Tairi lililokaa ghalani miaka miwili limeshakula sehemu ya maisha yake.

Weka jeki kwenye fremu karibu na springi. Usiiweke kwenye bomba la ekseli: linapinda kidogo usiloliona kwa macho, na tairi linaanza kula upande mmoja.

Kaza nati kwa mpangilio wa nyota, kwa awamu tatu. Kwa boliti za inchi ½, awamu hizo kwa kawaida ni futi-paundi 20–25, kisha 50–60, kisha 90–120. Boliti nene zaidi zina vipimo vyake kwenye kitabu cha ekseli. Kisha rudia kukaza baada ya maili 10, 25 na 50. Rimu mpya, hasa za alumini, hujikalisha na nati hulegea. Bunduki ya upepo ya fundi isiwe neno la mwisho. Malizia mwenyewe kwa spana yenye kipimo.

Hatua ya 8: Jaza upepo tairi likiwa baridi

Baridi maana yake trela halijatembea angalau saa tatu, na jua halijalipiga upande mmoja. Pima alfajiri. Upande uliopigwa na jua husoma juu kwa PSI kadhaa, ukiusawazisha na wa kivulini utakuwa umeupunguza bila kujua.

Kwa trela la ekseli mbili au tatu, jaza tairi la ST mpaka PSI ya juu iliyoandikwa ubavuni, mradi rimu na valvu zinaikubali. Wapo wanaopunguza upepo kufuata jedwali la mzigo ili vyombo visitikisike. Kwa gari, hilo linaeleweka; kwa trela la ekseli nyingi, halifai: ukikata kona kali, magurudumu hayawezi kugeuka, yanaburutwa kando. Mikanda ya waya ndani ya tairi inavutana, na tairi laini linaumia zaidi. Simama nje mwenzako akigeuza trela kwenye maegesho, utaona kwa macho jinsi tairi la ekseli moja linavyojipinda kwenda kulia na la ekseli ya pili kwenda kushoto.

Usipunguze upepo tairi likiwa na moto. Kupanda kutoka 80 hadi 90 na kitu mwendoni ni kawaida. Hali ya hewa nayo huhesabu: kila nyuzi 10 za Farenhaiti zikishuka, tairi la PSI 80 hupoteza kama PSI 1.5 hadi 2. Ukitoka Arizona kwenda milima ya Colorado, pima tena asubuhi.

Funga vihisi vya kupima upepo, TPMS, kwenye kila gurudumu la trela. Kengele ya chini iwe asilimia 10 pungufu, yaani 72 kwa tairi la 80. Kwenye trela refu hutahisi pancha usukanini. Bila vihisi, wa kwanza kujua ni dereva aliye nyuma yako.

Mambo yakienda kombo

*Tairi limekula katikati.* Upepo umezidi mzigo. Likiwa kidogo si hatari. Hakikisha hujavuka PSI ya ubavuni.

*Limekula kingo zote mbili.* Upepo mdogo au mzigo mkubwa. Rudi hatua ya 4.

*Limekula upande mmoja.* Ekseli imepinda, imeelemewa, au springi zimechoka. Tairi jipya halitaponya. Lipeleke trela kwa fundi wa alaimenti ya trela.

*Mabonde mabonde kuzunguka tairi.* Balansi mbovu au beringi imelegea. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, fungua beringi.

*Uvimbe juu ya kashata au ubavuni.* Mikanda imeachana. Usiseme utafika nalo mji unaofuata. Zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki karibu na kijiti kilichosimama: likipanda na kushuka, litoe hapohapo.

*Gurudumu moja lina moto kuliko mengine.* Pima kwa kipimajoto cha kuelekeza, kwenye kitovu na kwenye tairi. Kitovu kikiwa cha moto, tafuta breki inayobana au beringi. Tairi likiwa la moto na kitovu kiko sawa, pima upepo.

*Linapoteza PSI tatu au nne kwa wiki.* Paka maji ya sabuni kwenye shina la valvu na ukingo wa rimu. Povu litakuonyesha.

*Tairi moja limepasuka, pacha wake upande uleule bado zima.* Hilo zima lilibeba mzigo wa mawili mpaka uliposimama, na inawezekana nyuzi zake zimeumia kwa ndani bila alama nje. Endesha polepole hadi duka la karibu ulibadilishe nalo pia. Wengi huliacha kwa kuona linapendeza, kisha linapasuka siku chache baadaye wakidhani ni bahati mbaya.